Vijumba vya Theluji Juu ya Kabati la Mama

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Sanduku zima lilikuwa na vijumba tisa vya kauri vya kupambia Krismasi, daraja, kisima, mti wa plastiki uliokwisha kupukutika nusu, na kifuko cha sanamu ndogo ndogo za watu. Nililipa shilingi elfu sabini na tano. Muuzaji alianzia laki moja na nusu. Nilikwenda mara tatu, na mara ya tatu nilikwenda na mama, ambaye akisimama mbele ya vitu vya kontena anageuka mtu wa forodha: kila kitu hukipindua, hukigonga kwa ukucha, huuliza kimetoka wapi na mwenyewe kwa nini kakiuza. Akajibiwa Kanada. Akasema, "Kanada wanauza nyumba zao?" Bei ikashuka hapo hapo.

Duka silitaji. Liko upande wa Mlandege, hapa Unguja mjini, moja katika yale yanayopokea vitu vilivyokwisha tumika nje: mafeni, baiskeli za watoto, magodoro, seti za vikombe zenye vikombe vinne. Sanduku langu lilikuwa chini ya meza, na juu yake pameandikwa kwa kalamu nzito VYOMBO. Nilidhani ni vyombo kweli.

Naviita vijumba. Mwanzoni nilikuwa nasema vinyumba, mpaka siku moja pale skuli nikamwambia mwenzangu, kwa sauti, walimu wote wanasikia, kwamba nimeweka kinyumba kwa mama. Tangu siku hiyo nasema kijumba.

Kwa asiyejua ni vitu gani: Marekani na Kanada kuna watu ambao kila ikifika Krismasi hupanga kijiji kidogo juu ya meza au rafu. Kanisa, duka la mikate, posta, stesheni ya treni, nyumba za watu, vyote vimeangukiwa theluji kwenye mapaa. Kila kijumba kina tundu nyuma la kuingizia taa, na taa ikiwashwa madirisha yanang'aa. Mwenye kukusanya huongeza kimoja au viwili kila mwaka mpaka meza inakuwa mtaa na mtaa unakuwa mji. Jambo lenyewe ni la zamani. Wamoravian, hao hao wenye makanisa yao Mbeya na Tabora, walipohamia Pennsylvania walikuwa wakipanga chini ya mti mandhari ya kuzaliwa Yesu, na mandhari hayo yakaendelea kutanuka, yakaingia vijiji na vinu na wanyama. Baadaye, kabla ya Vita Kuu ya Pili, Wajapani wakawa wanawauzia Wamarekani vijumba vya karatasi ngumu. Kampuni iliyovifanya vya kauri kuwa maarufu inaitwa Department 56. Jina hilo limetokana na biashara ya maua ya huko Minneapolis iliyokuwa ikizipa idara zake nambari, na idara ya 56 ndiyo iliyoshughulika na zawadi za jumla. Mwaka 1976 wakatoa vijumba sita vya kwanza. Mwaka 1984 wakatoa saba vingine vya mtindo wa London ya mwandishi Charles Dickens, na hapo watu wakashikwa na wazimu. Kipande kikisha kustaafishwa hakitengenezwi tena. Na neno lenyewe ndilo hilo, kustaafishwa, kama mwalimu.

Vyangu sijui ni vya nani. Maandishi ya chini yamefutika, na viwili kati ya tisa havifanani na wenzao hata kwa rangi ya theluji. Kwa hiyo lawama zote nitakazotoa hapa hazimhusu mtu.

Sasa, mimi si mtu wa mapambo. Nasomesha Kiswahili na naandika hadithi fupi. Jumamosi baada ya Alasiri huja nyumbani kwetu Kikwajuni vijana watano, wasichana wanne na mvulana mmoja, tunasomeana tulichoandika, tunakunywa maji ya ukwaju, tunagombana. Nilivinunua kwa ajili ya hilo. Nilipoviona pale chini ya meza nilikumbuka kwamba Dickens aliandika hadithi yake ya Krismasi mwaka 1843, na zaidi ya miaka mia moja na arubaini baadaye watu wakafinyanga mtaa kwa sababu ya maandishi ya mtu huyo. Nikajiuliza kama njia hiyo inapitika kinyumenyume. Kwa hiyo ninachopima hapa si uzuri. Uzuri vinao, basi. Ninachopima ni kama vinamfaa mtu anayeandika. Jibu langu baada ya mwaka mmoja ni kwamba vinafaa sana, ila si kama vilivyotoka kiwandani. Vikiwa vizima havikunipa hata sentensi moja. Vilipoanza kuharibika ndipo nilipopata kazi.

Kilichoharibika kwanza baada ya kuvifikisha nyumbani ni taa. Kila kijumba kilikuja na waya wake, plagi ya pini mbili bapa, na globu ndogo kama ncha ya kidole gumba. Umeme wa kwao ni volti 120, wetu ni 230. Hilo nalijua, nimelisoma skuli, na siku ile halikunijia kabisa. Nikatafuta adapta, nikachomeka duka la mikate. Likawaka jeupe, zuri ajabu, kwa muda wa kusema "Mama njoo uone", kisha tap, na harufu ya plastiki ikajaa ukumbini. Fundi aliponitazamia alicheka mpaka akakaa. "Mwalimu, hii umeipa chakula mara mbili ya tumbo lake." Akanishauri niache nyaya zote, ninunue taa ndogo za betri, zile zinazotiwa kwenye vyungu vya maua siku ya harusi. Shilingi elfu mbili moja. Nikanunua nane zilizokuwapo dukani. Duka la mikate lenyewe tundu lilikuwa limeungua na kupinda, taa haikai. Likabaki giza.

Jumamosi iliyofuata nikavipanga juu ya kabati la vyombo la mama, vinane vinawaka na kimoja hakiwaki, nikafunga madirisha, nikawaambia vijana: dakika ishirini, chagua nyumba moja, andika. Nilitegemea kanisa, kwa sababu ndilo kubwa, au stesheni, kwa sababu stesheni siku zote ina mtu anayeondoka.

Wote watano wakaandika duka la mikate.

Mmoja aliandika kwamba muoka mikate amekufa tangu usiku na mtaa utajua asubuhi kwa kukosa harufu. Wa pili akaandika kwamba tukuza imekwisha na mwenyewe anaona haya kwenda kukopa hela ya kujazia umeme. Wa tatu, anadaiwa, amekaa ndani kimya anahesabu hodi. Wa nne sikumuelewa, naye hakujielewa. Mvulana, ambaye huwa haandiki zaidi ya nusu ukurasa, aliandika kwamba nyumba zote zinawaka kwa sababu wanasherehekea, na ile moja ni giza kwa sababu mwenyewe amelala saa mbili. Itabidi aamke saa nane usiku kukanda unga ili hao wanaosherehekea waamkie mkate. Ukurasa mmoja na nusu. Nilimwambia asome tena.

Mama alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akatoka na upawa mkononi, akasema hivyo ni vitu vidogo. Nyie hamjaona giza. Akaanza kuwahadithia Disemba 2009, kebo ya baharini inayotuletea umeme kutoka bara ilipokufa, Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Kati ya vijana hawa, wawili walikuwa wachanga, wengine hawajazaliwa. Aliwaeleza maji yalivyokatika kwa sababu pampu zilikuwa hazina umeme, ndoo zilivyopangwa foleni, samaki walivyokuwa hawanunuliki mchana kwa kuwa hakuna pa kuwaweka. Lakini alichokirejea mara tatu ni jirani mmoja aliyekuwa na jenereta. Hakumtaja. "Mtaa mzima kimya, yeye peke yake anaunguruma. Tulimchukia yule mtu, na alikuwa hajatufanya kitu. Alikuwa hata anatuchajia simu."

Nikainuka, nikazima vinane, nikatoa taa moja nikaiegesha nyuma ya duka la mikate. Dakika ishirini nyingine. Sitaki kusema hadithi zilizotoka zilikuwa nzuri zote, lakini kwa mara ya kwanza tangu tuanze hakuna aliyeniuliza, "Mwalimu, niandike nini?"

Kitu cha pili kilichoharibika si kuharibika hasa, ni mama. Siku tulipofungua sanduku aliviangalia vijumba akasema, "Nyumba sikatai, nyumba ni mawe." Akafungua kifuko cha sanamu. Kulikuwa na mtu mwenye kofia ndefu, mwanamke kabeba vifurushi, watoto wanarushiana theluji, waimbaji watatu vinywa wazi. Akakifunga. "Hawa hapana. Malaika hawaingii nyumba yenye masanamu, na mimi nasali hapa." Wakaenda kwenye kopo la biskuti, kopo likaenda juu ya kabati la jikoni, na liko huko mpaka leo. Nilinuna wiki nzima. Niliona nimenunua mji, nikanyang'anywa watu.

Sasa nikikumbuka nafurahi. Kwanza wale watu hawalingani na nyumba zao. Yule wa kofia ukimsimamisha mlangoni pa kanisa, kizingiti cha juu kinamfika kifuani. Niliposoma zaidi nikaona ni malalamiko ya kawaida kwa wanaokusanya vitu hivi, watu hufanywa wakubwa ili sura zao zionekane. Pili, na hili ndilo kubwa, kila mmoja ameshapangiwa jambo lake na ameshapewa tabasamu. Mwanamke aliyeshikishwa zawadi mkononi tangu kiwandani huwezi kumtuma kwenda kuiba. Mtaa ukiwa mtupu, taa zinawaka, milango imefungwa, hapo unaanza kujiuliza nani yuko ndani na kwa nini hatoki. Nikipewa leo kopo lile nilirudishe mahali pake, nitakataa, tena si kwa ajili ya malaika peke yao.

Theluji nayo ilinitia aibu. Mwezi wa kwanza niliandika hadithi yenye theluji. Kijana anarudi kwao usiku, theluji inaanguka, dohani inafuka moshi. Nikampelekea mwenzangu wa skuli, yeye husoma bila huruma. Akanirudishia na swali moja pembeni: "Umeijua lini theluji?" Nikajitetea kwamba kuandika ni kubuni. Kisha nikaenda kwa jirani yetu anayeuza barafu za ukwaju, nikaomba nifungue friza lake, nikatia kichwa ndani. Kuna ule ukungu mweupe unaoganda kwenye kuta. Nikaukwangua kwa kucha. Unauma, halafu unakuwa maji, na una harufu ya samaki wake. Nilisimama vile mpaka akaniuliza kama naumwa. Hicho ndicho ninachokijua cha theluji, na hakitoshi hadithi.

Kwa hiyo pamba niliyokuwa nimeitandaza chini nikaitoa. Nikaweka usufi wa mto uliopasuka, kwa sababu nilikuwa nao. Mmoja wa wasichana alipoona akasema, "Mwalimu, leo nani kapasuliwa mto?" Na akaandika juu ya mwanamke anayepasua mito yote ya nyumba usiku mmoja akitafuta kitu kilichoshonewa ndani, mpaka mtaa mzima ukawa mweupe. Wanaokuja asubuhi wanaona usufi hadi mlangoni pa msikiti. Hadithi ile ina kasoro, mwisho wake unakimbia, lakini weupe wake ni wa kwetu.

Sasa niwaambie matumizi ambayo peke yake yanalipa elfu sabini na tano.

Katika picha iliyobandikwa kwenye sanduku, vijumba vimepangwa mbalimbali, barabara pana inapita katikati, kila mmoja na uwanja wake. Nilivipanga hivyo miezi miwili. Kisha nikawa naandika hadithi inayotokea Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, na nikataka kuona mtaa wangu. Nikavisukuma. Nikavibana mpaka mapaa yanakaribia kugusana na kati yao zimebaki nafasi za vidole viwili. Kanisa nikaligeuza nyuma mbele likawa ghala la karafuu. Posta ikawa nyumba ya shemeji. Ghafla nikawa na vichochoro.

Katika hadithi hiyo, mke wa mwenye duka amekaa dirishani ghorofa ya juu, usiku, anamuona shemeji yake anaingia mlango wa nyumba ya pili, nyumba ambayo hana sababu ya kuingia. Kila kitu baada ya hapo kinategemea kwamba amemuona. Nilikuwa nimeshaiandika mara tatu. Nikachukua simu, nikaweka jicho la kamera sawasawa na dirisha la kijumba cha duka, nikapiga picha kuelekea ule mlango.

Ukuta. Picha yote ni ukuta wa ghala, na kwenye pembe ya chini kushoto kinaonekana kipande cha ngazi, pengine daraja moja na nusu. Mlango hauonekani. Nikainamisha simu, nikaipandisha, nikaitoa nje kama mtu anayechungulia mpaka kiunoni. Mlango hauonekani. Nilikuwa nimemwambia msomaji uwongo mara tatu, na uwongo wa namna ile mtu aliyezaliwa Kiponda angeunusa bila hata kujua kwa nini haamini.

Ningeweza kusogeza ghala. Lakini Kiponda huwezi kusogeza nyumba. Kwa hiyo nikasogeza hadithi. Nikatia taa ndani ya ile nyumba ya pili, nikaziba madirisha yake kwa karatasi, nikaacha ufa wa mlango tu, kisha nikazima taa ya ukumbini. Mlango hauonekani, lakini mwanga wake unatoka, unavuka kichochoro, unalala juu ya ukuta wa ghala kama utepe. Nikapitisha kidole mbele ya mlango. Utepe ukakatika, ukarudi. Nikapitisha tena.

Hicho ndicho anachokiona mke wa mwenye duka sasa: mwanga unafunguka ukutani, mwembamba, kwa hiyo mlango umefunguliwa kidogo tu, na mtu aliyefungua hataki kuonekana, kivuli kinapita, mwanga unafungwa. Na anasikia makubadhi, la mguu mmoja linaburuza, kama anavyotembea shemeji. Kama anavyotembea shemeji na wanaume wengine wangapi. Hana hakika. Hadithi iliyokuwa ya mwanamke anayejua ikawa ya mwanamke anayedhani, na kurasa sita za mwisho nilizitupa kwa sababu hazikuwa na kazi tena. Nimekuwa naandika miaka kumi na moja. Hakuna aliyewahi kunihariri vile.

Sasa vijana wote nawalazimisha. Mhusika akisema "nikaona", nampeleka kwenye kabati: hebu tuonyeshe ulikaa wapi.

Kuna mambo ya mji huu ambayo ni vizuri uyajue kabla hujanunua. Kubwa ni baraza, hauna. Nilitafuta kijumba kwa kijumba. Milango inafunguka moja kwa moja njiani, kuna ngazi mbili tatu, hakuna pa kukaa. Nikamuuliza mama unadhani watu hawa wanasemana wapi. Akasema labda hawasemani, ndiyo maana wanaweka taa nyingi. Nikachonga baraza kwa vipande vya sabuni ya kufulia, ile ya mche, nikazipachika mbele ya vijumba vinne. Zimekuwa ngumu kama jiwe na zinanukia, na ukumbini sasa wageni huuliza nani kafua. Lakini zimebadilisha kila kitu. Mtaa usio na baraza, habari inapita ndani, mtu kwa mtu, barua, mlango unagongwa. Mtaa wenye baraza, habari inakaa nje inakusubiri; mhusika akitaka kufanya jambo la siri lazima kwanza apite mbele ya wanaume watatu wanaocheza bao na awatolee salamu, kila mmoja na yake. Hapo tu una ukurasa.

Cha pili ni mjusi. Tena mjusi kafiri, na msicheke, ndiyo jina lake. Alihamia kanisani. Nadhani alipenda ule ujoto kidogo na wadudu wanaofuata taa. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu naandika, nikainua macho, nikaona kwenye dirisha la rangi la kanisa mkono. Vidole vitano vimetandazwa juu ya kioo, kutoka ndani. Sikupiga kelele kwa sababu pumzi ilikuwa haipo. Kisha mkono ukapanda, ukafuata mkia. Nilipogeuza kanisa asubuhi nilikuta mayai mawili meupe, madogo kama tembe za panadol. Nimeyaacha. Ila mkono ule dirishani nimeshautumia mara mbili, na mara zote mbili sikumwambia msomaji kwamba ni mjusi.

Cha tatu ni kijumba chenye mnara wa saa. Kilivunjika njiani nikikileta nyumbani kwa daladala, mtu aliweka gunia la viazi juu yake. Upande wote wa mbele ulimeguka. Nilinunua gundi, nikakaa Jumamosi moja naupachika, mmoja wa wasichana akanishika mkono. "Mwalimu, usikiunge. Hiyo ni Beit el Ajaib." Tukanyamaza sote. Jumba lile alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa la kwanza hapa kuwashwa umeme, na liliporomoka siku ya Krismasi, tarehe 25 Disemba 2020, mchana, mafundi wakiwa wanalifanyia kazi, na watu walipoteza roho zao. Siku ile nilikuwa Mkunazini, nimekwenda kumpa mkono wa sikukuu mwalimu mwenzetu anayesali kanisa kuu la pale. Tulikuwa tunakula pilau watu wakaanza kukimbilia Forodhani.

Gundi nikaifunga. Kijumba kile kinakaa mwisho wa kabati, mbele kumefunguka, na taa yake naiwasha ndani ya uwazi ule. Unaona ngazi, unaona ghorofa. Ndicho kijumba pekee ambacho unaweza kuona ndani yake, na ndicho ambacho mpaka sasa hakuna kijana aliyethubutu kukiandikia. Mimi pia bado.

Kasoro za kawaida, haraka haraka. Ni vizito, rafu ya mbao laini itapinda. Vumbi linaingia kwenye kila tundu na hutaweza kulitoa ila kwa mswaki. Kwa hewa yetu ya chumvi, vibanio vya betri hupata kutu ndani ya miezi minne. Vipake mafuta ya nazi kidogo. Mti wa plastiki utupe. Daraja sijapata kazi nalo, kwa sababu sikupata mto, na mama ameligeuza la kuegeshea Kurani yake na miwani. Watoto wasiachwe navyo peke yao, na paka ndiyo kabisa. Wakati mzuri wa kuvinunua ni huu wa embe, kaskazi inavuma, sote tunavuja jasho, na watu hawataki hata kuviangalia. Ukisubiri hoteli zianze kutafuta mapambo, umekosa.

Kama unaandika na tayari unajua mtaa wako kama kiganja chako, pengine huvihitaji. Nenda kasimame dirishani mwenyewe. Lakini kama unaandikia mezani, saa nne za usiku, mitaa uliyoiacha miaka ishirini iliyopita, vitakusuta. Tisa ni vingi. Vitano vinatosha, kimoja kiwe kibovu.

Juzi nilitoka skuli nikamkuta mama amesimama mbele ya kabati, mikono nyuma. Kisima kilikuwa kimehamishwa. Tangu mwanzo kilikuwa uwanjani mbele ya ghala, sasa kiko ubavuni mwa duka la mikate. Nikamuuliza. "Mtu anakanda unga saa nane za usiku," akasema, "halafu maji ayafuate huko kote?"

Pale dukani sanduku la pili lipo bado, chini ya meza ya mafeni. Lina treni, imekosa gurudumu moja, na kuna kitu kama kinu. Msiseme mmetoka kwangu, atapandisha bei.